Dakika Kumi na Mbili za Mama Kamera

Hivi wewe, mama yako akikutumia video ndefu, halafu simu ikagoma kuifungua, unamwambia ukweli? Au unaandika "Nimeiona mama, nimeguswa sana" na kuendelea kukaanga mayai yako?

Usijibu haraka. Wapo waliojibu haraka, na habari hii ni yao.

Chini ya ngazi za jengo moja la maduka, mahali ambapo watu wengine wangeweka ndoo na mafagio, palikuwa na meza. Juu ya meza palikuwa na kompyuta iliyokosa vitufe viwili, kitambaa cha kufutia vioo kilichokunjwa vizuri mara nne, na mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga. Nyuma ya meza alikaa mwanamume wa makamo aliyevaa koti jeupe la maabara, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni, hata siku za joto. Watu walimwita Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, akalitangaza kwa bidii mpaka likamganda. Ukutani alibandika kadibodi: VIDEO IMEKATAA SIMU? ILETE IKIWA BADO YA MOTO.

Kabla ya kwenda mbali, ni vizuri jambo hili lieleweke, maana halina uchawi. Video ni mzigo uliofungwa ndani ya sanduku. Zile herufi tatu za mwisho wa jina lake ni lebo ya sanduku. Ndani yake picha zimekunjwa kwa mkunjo wake, na sauti nayo imekunjwa kwa mkunjo wake. Simu ikiujua mkunjo, inaukunjua, wewe unatazama. Isipoujua, inakuambia haiwezi, na haina adabu ya kukueleza kwa nini. Hapo dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuweka pleya, yaani programu ya kuchezea video, inayoijua mikunjo mingi, nayo hutolewa bure. Ya pili ni kuigeuza video, yaani kuikunjua na kuikunja upya kwa fomati ambayo simu imeizoea. Kazi hiyo ya pili kompyuta hufanya peke yake. Unaweza kumenya viazi ukaisubiri.

Mtaalamu alizijua dawa hizi nusunusu. Pleya alikuwa nayo, ya zamani, hajaisasisha tangu aipate. Kugeuza alijua kugeuza picha. Sauti ilimshinda, kwa hiyo video nyingi zilitoka mikononi mwake zikiwa bubu. Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokijua barabara: uso wa mtu mwenye haraka na aibu kwa wakati mmoja. Uso huo akiuona, hata usingizi humtoka.

Jumatano, saa nne asubuhi, uso huo ukaja. Ulikuwa wa mama mmoja mwenye duka la sofa mtaa wa pili, kifunguamimba kwao, mwanamke wa kucha ndefu na pochi kubwa.

"Wewe ndiye Mtaalamu?"

"Inategemea, dada. Anayeumwa ni simu au video?"

"Video." Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Ni ya mama."

Mtaalamu akaiona ile sauti ilivyoshuka. Akayaona macho yalivyoinama. Akajumlisha, akapata jibu lisilo sahihi, akainuka na kuweka mkono kifuani.

"Pole sana, dada yangu. Mungu amlaze pema."

Kifunguamimba akafungua mdomo kusema mama ni mzima, tena jana tu kafua mapazia. Lakini swali ambalo lingefuata alilisikia hata kabla halijaulizwa: kama mama ni mzima, si ukamwulize? Nalo hilo lisingewezekana, kwa sababu kwenye kundi la familia alikwisha andika, mbele ya macho ya wote, kwamba ameitazama yote na machozi yamemtoka. Video ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Yeye alilia katika dakika ya kwanza.

Akafunga mdomo. Akaufungua tena.

"Asante," akasema. "Tumeshapoa."

"Alizungumzia nini?"

"Nyumba. Aliandika tu, 'Wanangu, ni kuhusu nyumba, tazameni mpaka mwisho, Jumapili alasiri mje mniambie mmeamuaje.' Sasa nitaamua nini na sijui kilichosemwa?"

Mtaalamu akasikia nyumba, akasikia mama, akasikia Jumapili. Neno la mwisho, lile la "mje mniambie", halikumwingia, maana masikio yake yalikuwa yameshajaa.

"Huu ni wasia," akasema kwa sauti ya msikitini na kanisani kwa pamoja. "Video za wasia huwa nzito. Tuipime."

Akaiweka simu ya kifunguamimba juu ya mizani ya unga. Mshale ukasogea.

"Gramu mia mbili na arobaini! Dada, umetembeaje na kitu hiki?"

"Nilikuwa nahisi mkono unauma," akakiri kifunguamimba.

Mtaalamu akaichukua simu, akageuka kidogo, akalivua ganda lake la plastiki, akalitia mfukoni mwa koti. Akabonyeza hapa na pale. Akairudisha mizanini. Mia moja na tisini.

"Nimeanza tu kuipunguza, na unaona mwenyewe. Njoo kesho kutwa. Malipo sitaki pesa, pesa ina maneno. Wewe ni mtu wa viti. Utanipa sofa moja."

Kifunguamimba akakubali, akaiacha simu. Mtu aliyeumbuka moyoni huwa hapigi bei.

Alipoondoka, Mtaalamu akaihamishia video kwenye kompyuta na kuifungua kwa pleya yake ya kizamani. Picha ikaja, sauti hakuna. Aliyepiga picha hakuonekana. Alikuwa nyuma ya kamera, akitembea chumba kwa chumba, na mara mojamoja mkono wake wa kushoto ulitokeza mbele kuonyesha kitu, mkono wa mwanamke mzee uliofungwa saa kubwa ya kiume. Uliionyesha sebule, ambamo sofa zilipandiana kama ng'ombe, zote zimevishwa nailoni. Ukaonyesha chumba chenye pikipiki nne, matairi na mapipa ya oili. Ukausukuma mlango wa chumba cha kulala, nao ukafunguka upana wa kiganja, kwa sababu ndani kulikuwa na sofa nyingine imeuegemea. Mwisho ukaonyesha korido, na koridoni godoro jembamba, shuka iliyokunjwa, na glasi ya maji iliyofunikwa kisosi. Hapo kwenye godoro kamera ilikaa dakika mbili nzima.

Mwingine angejiuliza ni nani analala koridoni. Mtaalamu alisema, "Eh! Nyumba imejaa mali!"

Jioni ya siku hiyohiyo akaja mwanamume mwenye miwani ya jua na funguo nyingi kiunoni, dalali wa pikipiki.

"Kaka, nina video ya mama, kuhusu nyumba."

"Pole sana, ndugu yangu."

Huyu ndiye kitindamimba. Naye aliandika kundini, sekunde arobaini baada ya dada yake: "Mama umeongea hekima tupu." Alipopewa pole akavua miwani na kufuta jicho ambalo lilikuwa kavu kabisa. Simu yake ikapimwa, ikavuliwa ganda, ikapimwa tena, ikabaki mezani. Malipo yakawa pikipiki.

Sasa Mtaalamu alikuwa na wateja wawili na video moja bubu. Aibu kwake ilikuwa kitu cha kusoma kwenye nyuso za wengine, kwa hiyo hakupoteza muda nayo. Akaona kwamba kama sauti haitoki, itabidi iingizwe. Kila mtoto atapewa mama anayempenda yeye. Kilichopungua ni mama.

Na hapa ndipo mama mwenyewe alipofika.

Mama Kamera, kama mji ulivyomwita, alikuwa amepiga video za harusi miaka thelathini, na katika harusi zote hizo hakuna aliyemwona uso, maana uso ulikuwa nyuma ya mashine. Alipostaafu, wanawe walimwambia apumzike. Kisha kifunguamimba akaomba kuweka sofa moja sebuleni, siku mbili tu. Kitindamimba akaomba kuweka pikipiki. Siku mbili zikawa miaka mitatu. Kila mama alipoanza, "Wanangu, mimi nilikuwa nataka...", mmoja alimkatiza, "Mama, wewe pumzika," na mwingine akaongeza, "Usijisumbue, mama," na sentensi ikafia hapo. Ndiyo maana akachukua kamera yake ya zamani. Video haikatizwi, alifikiri. Alichokuwa anakitaka akakisema humo chote, akakituma.

Majibu yakaja ndani ya dakika mbili. Mwanamke aliyekata na kuunga video miaka thelathini anaujua urefu wa dakika kumi na mbili. Hakugomba. Alifunga kitambaa kichwani, akaweka kadi ya kamera kwenye mkoba, akaenda kuuliza ni fomati gani ambayo simu za watoto wake zinaifungua, ili aigeuze na kuituma tena. Na mjini pale, ukiuliza habari za video iliyokataa, kila kidole kinakuelekeza chini ya ngazi.

"Shikamoo, bibi," akasema Mtaalamu.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa naulizia..."

"Ngoja! Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sauti hiyo! Bibi, Mungu kakuleta. Una sauti ya marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Mteja wangu. Kaa hapa. Unajua kusoma?"

"Herufi kubwa kubwa."

Akampa karatasi, akamgeuzia kompyuta ili asome huku picha zikipita. Mama Kamera akatazama. Akaiona sebule yake. Akauona mlango wake. Akauona mkono wake mwenyewe na saa ya marehemu mumewe, saa ileile ambayo muda huo ilikuwa mezani, nusu hatua kutoka kwenye pua ya Mtaalamu. Lakini Mtaalamu alikuwa msomaji wa nyuso. Mikono hakuwahi kuisomea.

Bibi akafungua mkoba. Kisha akavaa miwani.

"Huyu mama alikufa kwa nini?"

"Ghafla tu."

"Maskini. Inaonekana hata mwenyewe hakuambiwa. Na watoto wamesemaje?"

"Wamepokea pole vizuri sana. Wa kiume alilia."

"Aha," akasema bibi. "Leta nisome."

Akasoma ya kwanza: "Mwanangu wa kwanza, wewe ndiye uliyenifanya niitwe mama. Nyumba yote nakuachia wewe." Akasoma ya pili: "Mwanangu wa mwisho, wewe ndiye uliyenifungia mlango. Nyumba yote nakuachia wewe." Alisoma bila kukwama, na Mtaalamu akatikisa kichwa kwa raha.

Kuipachika sauti kwenye picha ndiko kulikomtoa jasho. Alibonyeza, ikatoka bubu. Akabonyeza tena, ikatoka bubu.

"Nipishe nikae," bibi akasema. "Hapa umechagua fomati ya picha, ya sauti umeiacha wazi. Kompyuta itajuaje? Chagua zote mbili. Haya, sasa ngoja."

"Bibi, haya umeyajulia wapi?"

"Kwa kukaa karibu na watu wenye shughuli zao."

Tangu hapo fundi alikuwa bibi. Mtaalamu alibaki mwenye koti.

Ijumaa watoto wakaja kwa zamu. Kifunguamimba akaiweka simu sikioni, akasikia sauti ya mama yake, sauti halisi, ikimpa nyumba. Safari hii alilia kweli. Kitindamimba akaisikia ya kwake, akamkumbatia Mtaalamu mpaka funguo zikagongana. Na kila mmoja, bila mwenzake kujua, akaomba jambo lilelile: "Jumapili alasiri njoo nyumbani kwa mama uionyeshe kwenye televisheni, huyo mwenzangu asikie kwa masikio yake." Wakamwelekeza njia.

Mwerevu angechukua sofa na pikipiki akapotea. Mtaalamu alikaa akifikiria ile sebule. Kama wawili hawa wameamini hivi, alijiuliza, kwa nini wasiamini na ya tatu? Jumamosi bibi aliporudi, alimkuta na karatasi mpya.

Bibi akasoma: "Wanangu, msigombanie nyumba. Nyumba mpeni yule fundi atakayeigeuza video hii, kwani nimeota ana moyo safi." Akashusha karatasi. "Huyu marehemu alikuwa na akili timamu?"

"Timamu kabisa."

"Maana ningekuwa mimi, watu wangenishangaa."

"Bibi, wewe soma."

Akasoma.

Jumapili, saa tatu asubuhi, Mtaalamu alitangulia kwenda kuikagua mali yake. Aliifuata njia aliyoelekezwa, akapita kona, akaliona geti, akamwona bibi anafagia mlangoni.

"Wewe! Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu."

"Umejuaje nyumba?"

"Si nimeiona kwenye video?"

Mtaalamu akaelewa, au alidhani ameelewa. Bibi huyu hakuwa mnyonge. Alikuwa mjanja mwenzake, tena mzoefu, amekuja kudai chake. Akamvuta pembeni.

"Bibi, tusiharibiane. Ukinyamaza nakupa nusu ya nyumba."

"Nusu ipi?"

"Chagua."

Bibi akaegemea ufagio, akafikiri kwa utulivu. "Jiko, na chumba cha kulala chenye dirisha."

"Chukua! Mimi nabaki na sebule na chumba cha pikipiki."

"Na korido?"

"Korido ni ya wote."

"Sawa, mwanangu. Ila kuna jambo hujalifikiria. Hao watoto wakija wakakuta vitu vyao vimejaa ndani, hata uwaonyeshe video kumi, watasema wao ndio wenye makazi. Vitu vyao vikiwa nje na koti lako likiwa ndani, nani atabisha?"

Mtaalamu alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu. "Bibi, kwa nini hatukukutana mapema?"

Akavua koti lake jeupe, akalitundika msumarini, akaanza kazi. Alitoa sofa kumi na moja. Za watu watatu alizisimamisha wima na kuzitembeza kwa mguu mmoja mguu mmoja, kama anafundisha mtoto kutembea. Alisukuma pikipiki nne, akaviringisha matairi, akakumbatia mapipa ya oili mpaka kifua kikang'aa. Bibi alitangulia mbele yake akielekeza: "Inua kidogo. Taratibu na ukuta. Hiyo igeuze, haitapita hivyo, geuza tena." Ile iliyoegemea mlango wa chumba cha kulala ilimlaza chini mara mbili. Ilipotoka hatimaye, mlango ukafunguka mpaka ukagonga ukuta, na mwanga ukaingia hadi koridoni. Bibi alisimama pale kizingitini kidogo.

"Bibi, kuna maji?"

Akampa glasi. Mtaalamu akanywa, akaketi kwenye sofa uwanjani, mgongo unalia.

Saa tisa alasiri watoto wakaingia getini, kila mmoja na simu yake mkononi, wakakuta duka la sofa na gereji vimeanikwa uwanjani.

"Nani katoa vitu vyangu?" kifunguamimba akapiga kelele.

"Mwenye nyumba," akasema Mtaalamu, akiinuka kwa shida. "Poleni tena na msiba."

"Msiba gani?" akauliza bibi kutoka mlangoni.

"Shikamoo mama," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Mtaalamu akamtazama kifunguamimba. Akamtazama kitindamimba. Akautazama, kwa mara ya kwanza, mkono wa bibi.

"Mama wa nani?"

"Mama yetu."

"Si mlisema amekufa!"

"Sisi hatukusema," kitindamimba akajitetea. "Ulisema wewe. Sisi tuliitikia tu."

"Mliitikia nini?" mama akauliza.

Kifunguamimba, kwa kutapatapa, akabonyeza simu yake: "Mama, yaliyopita yamepita, si mwenyewe umenipa nyumba? Sikiliza!" Kitindamimba naye akabonyeza ya kwake: "Wapi! Kanipa mimi!" Mtaalamu, ambaye hakuwa na jingine la kushika, akafungua kompyuta. Uwanja mzima ukajaa akina mama watatu wa sauti moja, mmoja anampa wa kwanza, mmoja anampa wa mwisho, mmoja ameota kuhusu fundi mwenye moyo safi, na mama wa nne amesimama mlangoni na ufagio, akiwasikiliza wenzake.

Alisubiri mpaka wakaisha.

"Hizo zote nimesoma mimi," akasema. "Karatasi kaandika huyu. Sasa nauliza. Video yangu, ile niliyotuma mwenyewe Jumatatu, nani aliiona?"

Kitindamimba akachezea funguo zake. "Mama, simu ilikataa."

"Na yangu," kifunguamimba akasema kwa sauti ndogo.

"Si mngeniambia?"

"Tulikuwa tumeshaandika kwamba tumelia."

Mtaalamu akaona huu ndio wakati wa kuondoka. Akaulizia sofa yake. Kifunguamimba akamwuliza kama anataka kupimwa mizanini yeye mwenyewe, kabla na baada. Akaulizia pikipiki, kitindamimba akavua miwani. Basi akabeba kompyuta yake kwapani, akaelekea getini amejikunja kama kiti cha kukunja, bila kukumbuka koti.

Nyuma yake mama alikuwa ameanza. "Mimi, wanangu, nilichokuwa nataka..."

"Mama, wewe pumzika kwanza," kifunguamimba akaingilia.

"Usijisumbue, mama, tutaongea..."

"Mwacheni amalize!"

Wote wakageuka. Aliyefoka ni Mtaalamu, ameshika geti. Alikuwa amemwandikia mwanamke huyu maneno mara tatu, akambebea sofa kumi na moja, na ghafla hakuweza kuondoka bila kujua.

"Mwacheni," akasema tena, kwa upole. "Bibi, sema."

Mama akaegemeza ufagio ukutani, akaifuta mikono yake kwenye kanga.

"Si mengi," akasema. "Dakika ya kwanza ilitosha, nyingine zote nilikuwa nawaonyesha pa kupitishia sofa. Nyumba simpi mtu, bado naishi humu. Koridoni nimechoka. Nataka kulala chumbani kwangu."